Gilbert Lewis: chanda chema kisichovikwa pete

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini dunia ina mizungu yake, na mara nyingine pete huvikwa chanda cha jirani, ilhali kile kilichofanya kazi hubaki kitupu. Leo, wasomaji wapenzi, twawaletea habari za mtu wa namna hiyo, Gilbert Newton Lewis, mwanakemia wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1946. Kila mtoto asomaye kemia katika shule ya sekondari, awe Lamu, Mombasa au Vanga, huzichora nukta zake daftarini. Wengi huzichora, wakafaulu mtihani, wakaenda zao bila ya kumjua mwenye nukta.

Elimu ya kemia si ngeni kwetu. Jina lenyewe lilipitia katika Kiarabu, al-kimiya, kabla ya kufika Ulaya, na waliosoma tarikhi ya Waislamu wanalijua jina la Jabir bin Hayyan. Wazee wale walijua kuyeyusha, kuchuja, kutonesha na kugandisha. Waliona kwa macho yao jinsi vitu vinavyoshikana na vinavyoachana. Lakini swali moja lilikaa karne nyingi bila ya jibu la kuridhisha: ni nini hasa kinachokishika kitu kimoja na mwenziwe? Kwa nini maji yakawa maji, na chumvi ikawa chumvi? Hilo ndilo swali alilolishughulikia Lewis, na jibu lake laweza kutiwa katika neno moja: ushirika.

UTOTO NA MASOMO

Lewis alizaliwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1875 katika mji wa Weymouth, jimbo la Massachusetts. Babaye alikuwa mwanasheria. Yasemekana kwamba alipokuwa na umri wa miaka 3 tayari alijua kusoma. Mwaka wa 1884 wazaziwe walihamia Lincoln, katika jimbo la Nebraska, nchi ya mbuga na mashamba iliyo mbali na bahari. Huko alifundishwa nyumbani, na hakuingia skuli ya kawaida mpaka alipokaribia kubaleghe, ndipo akatiwa katika skuli ya matayarisho ya Chuo Kikuu cha Nebraska.

Kutoka huko alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza shahada ya kwanza mwaka wa 1896 na ya udaktari mwaka wa 1899. Mwalimu wake, Theodore Richards, alikuwa bingwa wa kupima uzito wa atomu, na baadaye akawa Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya kemia. Kisha Lewis alivuka bahari hadi Ujerumani, kwani zama hizo aliyetaka kuitwa mwanakemia ilimpasa kupiga magoti mbele ya walimu wa Kijerumani. Alisoma Leipzig kwa Wilhelm Ostwald, na Göttingen kwa Walther Nernst.

Kwa Nernst hawakuelewana. Mambo yalizidi kuharibika katika miaka iliyofuata, pale Lewis alipoyaonyesha hadharani makosa katika hesabu za bwana yule. Huenda alidhani kwamba katika elimu mtu husahihishwa, akashukuru, yakesha. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu lile tutalikuta tena mbele.

KIJISANDUKU CHA MWAKA 1902

Aliporejea Harvard alipewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wanaoanza. Elektroni ilikuwa imegunduliwa mwaka wa 1897 tu na J. J. Thomson wa Uingereza, na hakuna aliyejua namna chembe hizo zilivyokaa ndani ya atomu. Mwezi wa Machi mwaka wa 1902, akitafuta njia ya kuwaelewesha wanafunzi wake, Lewis alichukua karatasi akachora kila atomu kwa umbo la mchemraba, mfano wa kijisanduku chenye pande sita zilizo sawa. Kijisanduku kina pembe nane, na katika pembe hizo akaziweka elektroni za nje, moja moja, hadi zikatimia nane. Atomu iliyotimiza nane imetulia, haina haja na mtu. Isiyotimiza haitulii mpaka ipate.

Wakubwa wa pale hawakuonyesha hamu na michoro ile. Lewis akaikunja karatasi yake akaiweka, nayo ikalala miaka 14.

Mwaka wa 1904 aliondoka Harvard akaenda mbali kabisa, mji wa Manila katika visiwa vya Ufilipino, vilivyokuwa chini ya Marekani wakati huo, akawa msimamizi wa ofisi ya mizani na vipimo vya serikali. Huko alijizoesha sigara kubwa za Manila, na hakuziacha maisha yake yote. Mwaka wa 1905 alirudi Marekani kufundisha katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, MIT. Mwaka wa 1912 alifanya mambo mawili makubwa: alimwoa Mary Sheldon, binti wa profesa wa Harvard, na akahamia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley kuwa mkuu wa kemia. Walijaaliwa watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wale wa kiume wote wawili wakawa walimu wa kemia.

SHUFWA NA WITRI

Mwaka wa 1916 ile karatasi ya zamani ilifunguliwa. Lewis alichapisha makala juu ya atomu na molekuli katika jarida la chama cha wanakemia wa Marekani, na makala hiyo ndiyo mzizi wa yote yanayofundishwa leo juu ya vifungo vya kemia, au bondi kama waziitavyo wanafunzi.

Ili tuone uzito wa jambo lenyewe, tuanze na chumvi. Atomu ya sodiamu ina elektroni moja tu katika mzunguko wake wa nje. Atomu ya klorini inazo saba. Sodiamu huitoa ile moja, klorini huipokea ikatimiza nane. Aliyetoa hubaki na chaji chanya, aliyepokea hupata chaji hasi, nazo chanya na hasi huvutana. Huo ni mfano wa hiba: mmoja ametoa moja kwa moja, mwengine amepewa, na baina yao pana mvuto. Chumvi yote inayokaushwa kwa jua kule Gongoni na Marereni imeshikana kwa njia hiyo. Mwaka huo huo wa 1916, Mjerumani Walther Kossel naye alilieleza jambo hilo vizuri.

Lakini hiba haikutosha. Chukua hewa ya haidrojeni. Molekuli yake ni atomu mbili zilizo sawasawa, kama mapacha. Yupi atoe na yupi apokee? Hapana aliye tajiri kuliko mwenziwe, na hapana chanya wala hasi ya kuwavuta. Wanakemia wa karne ya 19 waliomwamini Msweden Berzelius, kwamba vitu vyote hushikwa na mvuto wa chanya na hasi, hapo walikwama.

Lewis akajibu kwamba hapana anayetoa wala anayepokea. Kila mmoja huileta elektroni yake, zikawa mbili, na jozi ile ikawa mali ya wote wawili kwa pamoja. Jozi hiyo ndiyo kifungo chenyewe.

Mtu aliyeziona nyumba za mawe za Lamu au za Mji wa Kale Mombasa hatapata taabu kufahamu. Nyumba mbili hujengwa zikashirikiana ukuta mmoja wa kati. Ukimwuliza mwenye nyumba ya kwanza atakwambia nyumba yake ina kuta nne, na wa pili atakwambia vivyo hivyo. Ukizihesabu kuta zenyewe utazikuta saba, wala hapana aliyesema uongo. Ukuta wa kati ni wa huyu kamili na ni wa yule kamili, na ukiubomoa, nyumba zote mbili zimeharibika. Ndivyo zinavyohesabu atomu. Ile jozi ya shirika huhesabiwa huku nzima na huku nzima, na kila mmoja akatimiza nane yake, isipokuwa haidrojeni inayotosheka na mbili.

Lewis aliona jambo jengine ambalo kila aliyesali tarawehe atalishika upesi, nayo ni hesabu ya shufwa na witri. Alizitazama molekuli zilizojulikana, akakuta kwamba karibu zote zina jumla ya elektroni iliyo shufwa. Zilizo witri ni chache mno, na nyingi katika hizo hazitulii, kila mara zatafuta wa kuungana naye. Hapo akakata shauri kwamba siri haiko katika nane peke yake, iko katika mbili. Elektroni hupenda kwenda jozi jozi. Akaanza kuandika jozi hiyo kwa nukta mbili kati ya herufi za atomu, na hizo ndizo nukta zinazochorwa na watoto wetu mpaka leo.

UMBO LA MOLEKULI

Kutokana na jozi hizo yakaja maumbo. Mholanzi Jacobus van 't Hoff alikuwa ametangulia mwaka wa 1874 kusema kwamba atomu ya kaboni ina mikono minne iliyotawanyika pande nne, juu na chini, wala haikulala bapa kama ilivyochorwa karatasini. Lewis alieleza mikono ile ni kitu gani: kila mmoja ni jozi ya elektroni. Baadaye wataalamu wa Uingereza, Sidgwick na Powell mwaka wa 1940, kisha Gillespie na Nyholm mwaka wa 1957, wakaongeza kanuni nyepesi: jozi hazipendani, kila moja hujitenga na nyenzake kadiri iwezavyo.

Chukua nazi nne uzifunge pamoja kwa kamba fupi. Hazitakaa msitari mmoja. Tatu zitakaa chini na moja itapanda juu, kila moja imejitengea nafasi yake. Hilo ndilo umbo la hewa ya methani, kaboni katikati na haidrojeni nne pembeni, na baina ya mkono na mkono pana pembe ya nyuzi 109.5.

Sasa tazama maji. Oksijeni ina elektroni sita za nje. Huingia shirika na haidrojeni mbili, ikapata jozi mbili za kifungo, na zikabaki jozi mbili ambazo hazikuungana na mtu. Jozi hizo pweke hazionekani katika jina la maji, lakini nafasi yao waitaka, tena kubwa kuliko ya wenzao. Huzisukuma zile haidrojeni mbili zikasogeleana, na molekuli ikapinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, mfano wa kigosho cha mkono. Kwa kupinda huko, upande wa oksijeni huwa na uhasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa na uchanya kidogo, na kwa sababu hiyo maji huweza kuiingilia chumvi na kuitenganisha chembe kwa chembe. Lau molekuli ya maji ingalinyooka kama ya kabonidayoksaidi, ile hewa tuitoayo tukipumua, bahari isingeweza kuibeba chumvi yake, na mengi ya uhai yasingekuwako. Mwenye kutafakari na atafakari, uhai wote huu umetegemea kipindo kidogo kisichoonekana kwa jicho.

PETE KWA WENGINE

Mwaka wa 1918, vita vikuu vya kwanza vikiendelea, Lewis alikuwa Ufaransa pamoja na jeshi la Marekani akiwafundisha maofisa namna ya kujikinga na gesi za sumu. Alirudi na nishani za Marekani na za Ufaransa. Lakini aliporudi alikuta nadharia yake imepata msemaji mwengine.

Msemaji huyo alikuwa Irving Langmuir, mtaalamu wa kampuni ya General Electric. Kuanzia mwaka wa 1919 Langmuir aliichukua fikra ya jozi ya shirika, akaipanua, akaipa jina la kifungo cha kovalenti linalotumika hadi leo, na akazunguka kuihubiri. Alikuwa na ulimi mtamu na sauti ya kuvuta watu, ilhali Lewis alikuwa mtu wa haya asiyependa safari wala mimbari. Haki isemwe, Langmuir katika maandishi yake alimtaja Lewis kuwa ndiye aliyetangulia. Lakini watu hushika jina la wanayemsikia. Wengine wakaanza kuiita nadharia ya Lewis na Langmuir, na wengine wakalidondosha jina la kwanza kabisa. Lewis hakupendezwa. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kwamba kitu kimoja chaweza kuwa cha wawili, kila mmoja akawa nacho kamili, alikuta ni vigumu kuyakubali hayo katika sifa ya kazi yake mwenyewe. Nani katika sisi angekuta ni vyepesi?

Hata hivyo hakuiweka kalamu chini. Mwaka wa 1923 alitoa vitabu viwili vikubwa: kimoja juu ya vifungo na muundo wa molekuli, na chengine, pamoja na Merle Randall, juu ya nguvu za joto katika kemia, kilichosomeshwa vyuoni kwa miongo mingi. Mwaka huo huo alitoa maana mpya ya asidi. Alisema asidi ni ile yenye kuhitaji jozi ya elektroni, na besi ni ile yenye jozi ya kutoa. Hilo ni shirika la namna nyengine, ambalo mtaji wote hutolewa na upande mmoja.

Mwaka wa 1933 alikuwa wa kwanza kupata maji mazito yaliyokaribia kuwa safi kabisa, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ile nzito. Haidrojeni nzito yenyewe iligunduliwa na Harold Urey, aliyekuwa mwanafunzi wake Berkeley. Mwaka wa 1934 Tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa Urey peke yake. Miaka miwili nyuma, 1932, ilikuwa imepewa Langmuir, kwa kazi yake nyengine juu ya nyuso za vitu. Na Nernst, yule mwalimu wa Göttingen, alikuwa ameipata ya mwaka wa 1920.

Jina la Lewis lilipelekwa Stockholm zaidi ya mara 35. Kila mara lilirudi mikono mitupu. Watafiti waliopekua makaratasi ya kamati baada ya miaka mingi wameandika kwamba mjumbe mmoja, aliyekuwa rafiki wa Nernst, huenda alitumia nafasi yake kumzuilia njia katika miaka ya 1920. Kovu lile la ujana halikupoa.

MWISHO WAKE

Tarehe 23 Machi mwaka wa 1946 Langmuir alikuwa Berkeley kupokea shahada ya heshima. Yasimuliwa kwamba yeye na Lewis walikula pamoja chakula cha mchana, kisha Lewis akarudi akiwa kimya, akacheza karata kidogo na wenzake, akaingia maabara yake kuendelea na kazi. Alikuwa akifanya majaribio kwa kiowevu cha sianidi ya haidrojeni, sumu kali. Muda si muda alikutwa amelala chini ya meza yake ya kazi, roho imetoka. Umri wake ulikuwa miaka 70. Ilitangazwa kwamba moyo ndio uliosimama. Wengine walinong'ona mengine, nasi hatuna haja ya kuwafuata huko, kwani siri ya kifo anayeijua ni Mola peke yake.

Tukipima maisha yake kwa mizani ya Stockholm, tutasema alishindwa. Lakini mizani ni nyingi. Pale Berkeley alijenga barza ya elimu ambamo mwanafunzi na profesa walikaa pamoja kila wiki, na aliye mdogo alikuwa na ruhusa ya kumpinga mkubwa ikiwa ana hoja. Walimu wake bora kabisa aliwapeleka wakafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akikumbuka kwamba hata michoro yake ya 1902 ilizaliwa katika darasa la wanaoanza. Kutoka katika barza ile wakatoka Urey, Giauque, Seaborg, Libby na Calvin. Wote watano walipata Nobel, na katika hao Libby ndiye aliyewapa wachimbuzi njia ya kujua umri wa vitu vya kale kwa kupima kaboni. Naye Linus Pauling, alipotoa mwaka wa 1939 kitabu chake mashuhuri juu ya kifungo cha kemia, alikitabaruku kwa jina la Lewis.

Pete basi hakuvikwa. Lakini pete huvuliwa, hupotea, na mwenyewe akifa hurithiwa na wengine. Nukta mbili kati ya herufi mbili zimebaki, na kila siku kuna mtoto mahali fulani duniani anayezichora. Zimekuwa mali ya kila mmoja kamili, na hapana aliyepungukiwa. Kwa hesabu za Lewis mwenyewe, kifungo cha namna hiyo ni katika vile vyenye nguvu.